Baridi ya Huku Si Barafu ya Sangara

Kulwa,

Pokea salamu zangu, maana tulilala tumbo moja na mama hakutulea tuanze maneno bila kuamkiana. Hujambo? Watoto hawajambo? Goti la mama limepata nafuu, au bado anapanda kilima na ndoo kichwani kwa sababu wewe umeshindwa kuita fundi wa bomba? Mimi ni mzima. Deo, shemeji yetu, si mzima, na ndiyo maana naandika. Kwenye simu nilikueleza mara moja, na tangu siku hiyo kila nikiligusa unasema mtandao unasumbua, halafu unakata.

Dada Leticia ameniambia unachotangaza Nyakato nzima: kwamba vidole vya mumewe Deo viliharibika kwa sababu alikuwa amelewa. Na kwamba nafasi yake ya kazi huku ataichukua Masalu, kitinda mimba wetu, na tayari umemwachisha kazi kwenye kiwanda cha samaki. Kulwa, huoni haya? Deo ni mlokole. Tangu tumjue hajaonja hata togwa, akihofia imechacha. Wewe mwenyewe ulikuwa unamcheka kwa hilo.

Nani alituleta huku Polandi kama si wewe? Ulitukusanya sebuleni kwako ukasema mtu aliyeshinda miaka yote kwenye chumba cha barafu na sangara, baridi ya Ulaya itamfanya nini. Tukacheka, tukaamini, maana ulikuwa msimamizi wetu kiwandani. Sasa nikueleze. Chumba cha barafu kina mlango. Ukizidiwa unatoka, jua la Mwanza linakupokea, unanunua muhogo wa kuchoma unakula. Huku ukitoka mlangoni ndipo unaingia kwenye barafu. Tena sisi hatufanyi kazi chini. Tunaezeka mapaa, upepo unakupiga kila upande, bati lina utando wa barafu, na usipofunga mkanda wa usalama unateleza kama sabuni bafuni.

Na huku hakuna anayesalimika kwa ubabe. Mzee Mpolandi anayetusimamia, mkali huyo, kila asubuhi anatukagua kama watoto wa shule. Fulana ya ndani iwe kavu, sweta la sufu juu yake, halafu koti la kuzuia upepo. Buti zisibane. Soksi za akiba ziwe mfukoni. Ukianza kutoka jasho unapunguza nguo, kwa sababu jasho likishapoa mwilini limekumaliza. Na kila mtu ana mwenzake wa kumtazama uso na mikono. Wazungu wakianza kuganda ngozi inakuwa nyeupe kama chokaa, kwa hiyo mzee alitufundisha kutafuta weupe. Sisi hatuwi weupe. Sisi tunapauka tu, kama mtu aliyeoga akasahau mafuta. Hilo yeye hakulijua, na wewe hukulijua.

Siku yenyewe Deo alivua glovu ashike skrubu ndogo, glovu ikamponyoka ikaangukia theluji iliyoyeyuka, ikalowa. Akaivaa hivyo hivyo. Aliona haya kuomba nyingine, asije akaitwa mzembe. Tuliposhuka kibandani kunywa supu, vidole vyake vinne vilikuwa vimepauka, naye akadhani ni ukavu, akapaka mafuta. Mimi nikaitwa upande wa pili wa jengo kushika ngazi. Niliporudi kibandani nilimkuta ametumbukiza mkono kwenye beseni la maji ya birika, mvuke unafuka, naye ametulia tuli.

Akaniambia, "Vimekufa ganzi tu. Si Kulwa kule kiwandani alisema chovya, urudi kazini? Wala hayachomi."

Hayakuchoma kwa sababu vidole vilikuwa havina hisia tena. Vilikuwa vinaiva, Kulwa, na mwenyewe anavitazama. Nilimvuta mkono nikapiga kelele mpaka mzee akaja mbio. Tukiwa njiani kwenda hospitali ngozi ikajaa malengelenge. Daktari alisema mkono ulioganda unatiwa maji ya vuguvugu tu, kama ya kumwogesha mtoto mchanga, na anayeyapima ni mtu mwingine mwenye mkono mzima. Vidole viwili wamevikata. Vingine viwili havikunjiki.

Sikulaumu kwa kutojua. Hata mimi nilichovya kwenye ile ndoo yako ya maji ya moto mlangoni pa chumba cha barafu, na mikono ikarudi, kwa kuwa kule ilikuwa imekufa ganzi tu, haijaganda. Ninachokulaumu ni kwamba nilikueleza yote haya kwa simu, ukanisikia vizuri, ukafunga simu ukaenda kusema pombe. Hilo linaniuma kuliko baridi yote ya huku. Nimekasirika, na sitaki uniambie nitulie.

Nisalimie mke wako, yeye hana kosa. Nisalimie mjomba wa Bujora, mwambie ng'ombe wa huku wanalazwa ndani wakati wa baridi, wamepewa akili kuliko sisi. Dada Leticia ajue kwamba mumewe analala vizuri sasa. Anakula kwa mkono wa kushoto, na anaona aibu kula mbele ya watu, kwa hiyo mimi na yeye tunakula peke yetu.

Halafu jambo moja, Kulwa. Barua hii haikuja mikononi mwako kwanza. Nimempa mwenzetu anayerudi Kisesa, nikamwambia aifikishe kwa mama Jumapili mkishatoka kanisani, mkiwa mmekaa wote. Na mama husomewa barua na Masalu.

Mama, shikamoo. Nisamehe kwa maneno makali mbele yako.

Masalu, najua ni wewe unayesoma. Usiruke mstari. Akili za kuambiwa changanya na za kwako. Kesho nenda kiwandani ukaombe urudishwe kazini, hata kama ni kufagia. Lakini kabla ya hapo, weka karatasi chini, mtazame kaka yako usoni, umuulize mbele ya mama na dada Leticia kama Deo alikuwa amelewa. Akisema ndiyo, basi ujue kwamba siku vikikatwa vidole vyako, atasema hivyo hivyo.

Ni mimi pacha wake,
Doto