Dawa ya Jua ya Riziki

Somo yangu,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini nisipokuamkia najua utaninunia huko uliko.

Tangu tukuzike, maharusi wa Bagamoyo wananijia mimi. Nawasugua singo kama ulivyonifundisha: kijiti cha liwa kisagwe juu ya jiwe, marashi, mafuta ya nazi, mwisho ndimu ya kukata shombo. "Mwari anukie mpaka mlangoni," ulikuwa ukisema, huku unanipiga kikofi nikichovya kidole kwenye marashi. Jamani, nimekukumbuka mno.

Sasa sikia. Mwanangu Riziki ameanza shule. Watu wanamwita zeruzeru, na wewe ulikuwa ukiwafukuza kwa ufagio. Shule za siku hizi ni jembe kwanza: watoto wanalima mihogo ya shule jua likiwa utosini, na mwalimu mkuu kasema asiyelima asije. Mtoto analia, anataka kusoma. Nikasema basi, dawa ya kuzuia jua nitamtengenezea mwenyewe.

Nesi wa zahanati alinipa unga mweupe wa zinki, ule wanaopakwa watoto wenye vipele. Akasema unazuia jua. Nikautia kwenye singo yako. Kwanza ulifanya madonge, nikausaga na mafuta kidogo kidogo juu ya jiwe lako mpaka ukalainika. Nikampaka, nikamwachia aende.

Alirudi mashavu yanamwaka, na baadaye yakatoka malengelenge. Alishindwa hata kutafuna, Somo.

Nani kanifanyia hivi? Nilianza na wifi yangu Zena. Unamjua, hapiti penye bakuli bila kuingiza mkono. Nikatengeneza jingine, nikalificha chini ya kitanda, nikampaka mtoto kidogo tu mkononi, akatoka nao juani. Pakababuka vilevile! Nikamgeukia nesi. Unga mweupe kama chokaa, mimi nitajuaje ametia nini? Nikaenda kunusa kopo lake mbele ya wagonjwa, akanicheka.

Mwisho nikakushuku wewe. Naam, wewe uliyenifunda. Nikasema makungwi ndivyo walivyo, hawatoi yote, lazima wabakize kitu cha kwenda nacho kaburini. Nililia kwa hasira. Ijumaa ile sikukusomea hata Fatiha.

Halafu nikaona nijipime mwenyewe. Mkono wa kulia nikapaka unga wa nesi na mafuta ya nazi basi. Wa kushoto singo yako, bila unga. Nikakaa uani kuanika mpunga mpaka jua likapoa. Wa kulia salama. Wa kushoto ukaniwasha, ukavimba, kisha likabaki baka jeusi. Nikarudia pembeni yake kwa maji ya ndimu peke yake, nikatoka na baka lingine. Kumbe ndimu! Ndimu na jua havipikiki chungu kimoja.

Hukunificha kitu, Somo. Wewe ulipaka mwari, na mwari hatoki nje mpaka siku yake. Ndimu yako haikuwahi kuonana na jua, ungejuaje?

Riziki sasa anapakwa zinki na mafuta ya nazi, anavaa mikono mirefu na kofia ya ukili. Mwalimu nilimpelekea mashavu yale ayaone kwa macho yake. Kampa kazi ya kumenya mihogo bandani, na darasani anakaa mbali na dirisha. Mashavu yanapona. Lakini kila akirudi namkagua shingo na masikio, maana siuamini unga, simwamini mwalimu, hata wingu siliamini.

Pumzika, Somo yangu. Fatiha niliyokunyima nimeshakusomea, na nitazidisha. Nami nakuahidi: wasichana nitakaowafunda nitawaambia singo ya mwari itiwe ndimu, na dawa ya anayetoka juani isitiwe hata tone. Najua watanishuku nawaficha kitu, kama nilivyokushuku wewe. Nitapandisha mkono wa gauni, niwaonyeshe mabaka.

Mwari wako,
Mwanahamisi