Kidole Ambacho Hakikuinuka

Sahibu yangu, nimetoka uwanjani na nina la kukueleza.

Unaijua timu yetu ya kriketi, ya mwisho kati ya zile za mwisho. Leo zilibaki alama mbili tu tupate ushindi wetu wa kwanza tangu mwaka jana. Hatuna mwamuzi, hivyo upande unaopiga ndio hutoa mtu wa kuamua. Nikasimama mimi.

Shemeji yangu, yule fundi cherehani, akapiga. Mpira ukaligusa gongo lake, ukadakwa nyuma yake kabla haujagusa chini; hapo mpigaji ametoka. Nilisikia, sahibu. Nilisikia mguso ule.

Ilinipasa kuinua kidole kumtoa. Hakikuinuka.

Wapinzani wakapiga kelele. Nahodha wao, daktari wa meno, akawanyamazisha: "Mzee huyu hutuswalisha. Angesikia, angesema."

Angesikia, angesema!

Tukashinda. Wenzangu wakanibeba mabegani, wakaniangusha. Shemeji akaninong'oneza, "Masikio yako yana baraka, shemeji."

Sasa hivi, msikitini, nimemkuta daktari bombani akitia udhu. Nikamwambia, "Nilisikia."

Akafunga bomba taratibu. "Najua, mzee. Nilikuwa nakungoja useme."

Kisha akanipisha, nitangulie kuwaswalisha. Nimesimama mlangoni, sahibu, na miguu haiendi.