Makofi ya Duchesse

Jumapili. Asubuhi mvua, mchana jua, na saa hii barabara za mutaa wetu wa Jabe zinatoa mvuke kama sufuria ya maharagi. Niko ku cyber, pembeni ya ukuta, ili mutu asione naandika nini. Mumezoea nawaletea vichekesho hapa ku internet. Leo kicheko kimeishia ku meno.

Lakini tuanze na kinachochekesha. Mi, muuza viatu vya mutumba, muuza mawe ya redio, muuza chochote chenye kuuzika, nimekuwa mwalimu wa imbwa.

Imbwa yenyewe inaitwa Duchesse. Ilikuwa ya muzungu mumoja aliyekuwa anaipeleka kwao Ulaya mu mashindano ya urembo. Urembo wa imbwa, ndiyo, iko watu wanafanya ile kazi. Ilipata vikombe mpaka ikazeeka, wakaistaafisha. Halafu muzungu vita vikamuchosha, akapanda ndege, Duchesse akamuachia jirani yake wa Kiriri, kule ju ku mulima kwa matajiri, Madame Goreth. Huyu ni mujane, mwalimu wa zamani, anakaa peke yake mu nyumba kubwa. Mi namupandishiaga viatu, na habari za mujini, na uongo kidogo. Anapenda vyote.

Siku moja akanieleza shida yake. Ile imbwa haijui kukaa. Haijui kulala ukiiambia, haijui kuja ukiiita. Kule mashindano waliifundisha kitu kimoja tu: kusimama. Miguu sawa, kifua mbele, kichwa ju, watu wapige makofi.

Sasa, risasi zikianza ku milima nyuma ya Kiriri, Madame analala chini mu koridori, mbali na vioo, kama sisi wote. Duchesse inaenda saloni, mbele ya dirisha kubwa, inasimama. Kifua mbele. Inangoja.

"Inafikiri ni makofi," Madame aliniambia. "Na mi siwezi kuiacha pale, mwanangu. Naamuka, naifuata."

Mama muzee vile. Anaamuka mu risasi.

Hapo ndiyo mudomo wangu ulikimbia mbele ya akili. Nikamuambia mi nilishafundisha imbwa za wanajeshi, asijali, mupaka Jumapili atakuta Duchesse inalala chini kuliko mukeka. Wanajeshi gani? Mi sijafundisha hata kuku.

Jabe walipojua, sikupumua. Fundi wa pikipiki ju ya njia yetu akaniuliza mbele ya watu, "Sha Saidi, we mutihani wa sixième ulikushinda, sasa imbwa itakopi kwa nani?" Mama yangu yeye hakucheka. Mate ya imbwa ni najisi, na anajua mi ni muvivu wa kuoga. Akaniwekea ndoo ku mulango, na kopo ya udongo pembeni. Kila jioni nasafisha mikono mara saba, moja na udongo, yeye amesimama anahesabu kama askari wa duane anayehesabu mizigo ku mupaka.

Nilianza vizuri, naapa. Nilileta vipande vya nyama, nikashusha mukono polepole mupaka chini, nasema lala, lala, mama. Duchesse ikanyosha shingo, ikachukua nyama imesimama, ikaniangalia kama mi ndiye nashindana. Wiki yote vile. Kidogo kidogo magoti ya mbele yakaanza kukunjika. Kama ningekuwa na subira, ingelala yenyewe.

Sikukuwa na subira. Nilikuwa na Jumapili.

Leo asubuhi Madame alienda misa. Nikaingiza Duchesse mu garage, nikafunga mulango. Kulikuwa pipa tupu na kipande cha chuma. Nikapiga pipa karibu na sikio lake, na saa ileile nikaikandamiza na goti mupaka ku simenti. Nikaiachia, ikaamuka. Nikapiga tena. Mwanzoni, wallahi, iliweka kifua mbele, mukia ju. Ilifikiri naishangilia. Nikaikandamiza. Nikapiga tena.

Mwisho goti halikuhitajika. Ilianguka yenyewe kabla chuma haijafika ku pipa.

Nikajiambia, Saidi, we ni fundi.

Madame akarudi, bado amejitanda imvutano yake, kile kitambaa cha misa. Nikamuita saloni aone. Nikagonga meza na ngumi, Duchesse ikalala papohapo. Madame akafurahi mupaka machozi. Akapiga makofi.

Duchesse ikaingia chini ya kiti. Ikakojoa. Ikatetemeka mupaka kucha zake zilikuwa zinalia ku simenti.

"Imechoka," Madame akasema. "Umeifanyisha kazi, mwanangu, Mungu akubariki."

Nikasema ndiyo, imechoka. Nikachukua koti ya marehemu bwana yake, aliyonipa kama asante, nikashuka Kiriri na ile koti ju ya mukono. Sikuivaa.

Nyumbani, mama alikuwa anapika. Mufuniko wa sufuria ukaanguka. Kabla sijajua kitu nilikuwa chini ya meza, na mama pia yuko chini, mwiko mu mukono. Tukaangaliana, tukacheka sana. Inatokeaga.

Halafu kicheko kikakatika. Maana ni yeye alinifundisha. Vita inaanza nilikuwa mutoto mubishi, napenda kuchungulia dirishani. Kila risasi alinikamata shingo, akanikandamiza ku simenti, mupaka mwili ukajua wenyewe. Goti lilelile.

Lakini mama alikuwa analala ju yangu.

Mi nilikuwa nimesimama, na chuma mu mukono.

Nimesafisha mikono mara saba, na udongo, mama akahesabu, akasema umetakata. Nikatoka kuja huku ku cyber.

Kinachonisumbua, hata sijui nirudishe nini. Woga ukitoka, Duchesse itarudi dirishani, na Madame ataifuata. Woga ukibaki, kitu kimoja ilichokuwa inapenda mu dunia nimekiua. Risasi ilale, makofi isimame: imbwa inaweza kujua tofauti? Mi mwenyewe leo mufuniko wa sufuria umenishinda.

Kesho nitapanda Kiriri mapema na ile koti. Nitamuambia Madame ukweli wote, wa wanajeshi na wa garage, kabla hajanikaribisha chai. Akinifukuza, ni haki yake. Asiponifukuza, nitalala chini kwanza mi, tumbo ku simenti, pembeni ya kile kiti. Nitasubiri Duchesse itoke.

Halafu nitapiga makofi. Apana ya mukono muzima. Kidole kimoja tu, ju ya kiganja, mupaka mukia ujibu.