Mlango Nilioufunga Siku ya Hitima Yako

Faki, rafiki yangu,

Nimekaa kwenye kiti chako, mbele ya kompyuta yako, na naona haya kila ninapoigusa. Jana tulikusomea hitima ya arobaini. Watu walijaa, wengine wametoka Kigombe, na pilau ilitosha. Aliyekuangusha ni mimi.

Unakumbuka ulivyohangaika? Nyumba yenu hapa Pongwe iko bondeni, simu haishiki hata kwa kubembelezwa. Ukasimamisha mwanzi juu ya paa, ukaifunga modemu ndani ya kopo isilowe, waya ukaushusha dirishani hadi kwenye kompyuta hii kuukuu, nayo ikazigawia mtandao simu zote za nyumba. Mimi nilikushikia ngazi. Ukanionyesha kila hatua, na kila hatua nikajibu, "Nimeelewa." Ukacheka: "Huu ndio mlango, Bakari. Ukifungwa, sote tumefungiwa ndani."

Sikuwa nimeelewa, Faki. Nilikuwa naitikia tu.

Mama yako miguu haimruhusu kupanda boti kutoka Pemba. Mazishi yako hakuyawahi. Kwa hiyo jana tulimpigia kwa mtandao kwa simu ya mkeo Zuhura, tukaiweka juu ya mto karibu na shehe, mama asikie mwanawe akiombewa. Alisalimia kila aliyeingia. Halafu wageni wakazidi, mikeka ikakosa pa kutandikwa, nami nikajifanya mwenyeji. Nikaona pia si adabu kompyuta ivume wakati Yasini inasomwa. Nikaichomoa, nikaifunika kanga, nikaihamishia chumbani. Nikajiona nimefanya la maana! Hakuna aliyeitazama simu. Tulisoma, tukaomba, tukaitikia amin, na mama yako hakusikia hata neno.

Niligundua kwamba simu ya mama ilikatika sinia zilipokuwa zinatoka. Nikairudisha mbio, ikawaka, lakini simu hazikupata kitu. Nilisahau kwamba modemu huunganishwa kwanza, ndipo kompyuta iambiwe igawe. Mikono yako niliitazama mara ngapi? Ilipokubali, shehe keshaondoka na mikeka imekunjwa.

Mama yako alipokea papo hapo. "Mmeshaanza? Huku kimya, nikadhani mmenisahau."

Nikasema, "Bado, mama. Tulikuwa tunangoja watu."

Ndivyo nilivyomjibu mama yako. Nikaketi sakafuni peke yangu nikasoma, na Yasini yangu unaijua, uliwahi kunirekebisha mbele za watu. Nilikwama, nikarudia, nikakwama tena. Zuhura, ambaye bado yuko edani, akaitikia amin kutoka chumbani, na kule Pemba mama yako akaitikia. Nami nikijitahidi sauti yangu ifanane na ya shehe, mtu mzima mimi!

Nilipomaliza akasema, "Ahsante, Bakari mwanangu. Sasa nenda kale."

Kumbe alijua. Hakuuliza shehe yuko wapi, wala watu wako wapi. Nilitamani anigombeze, hakunigombeza, na hilo ndilo linalonichoma mpaka sasa.

Leo asubuhi nimeizima kompyuta na kuiwasha, nikaizima tena, mpaka vidole vikazoea. Ijumaa shehe atarudi kukusomea upya, mama akisikia. Lakini kabla ya hapo nampigia mama yako, nimwambie kwa mdomo wangu nilichofanya.

Lala kwa amani, rafiki yangu. Mlango nitaulinda mimi. Safari hii nimeelewa.

Bakari