Spika Mpya Imemmeza Mke Wangu

Mshauri wetu wa gazetini, nakuja kwako na shida ila ujue kwanza sijazoea kuomba msaada, shule niliishia darasa la tatu lakini mitambo ya bendi nimeishika miaka ishirini na sita, wenye vyeti wakishindwa walikuwa wananiita mimi. Marehemu mke wangu aliimba kwenye bendi hiyo hiyo, tukarekodi santuri moja ya zile za spika nne, mbili mbele mbili nyuma, na mimi ndiye niliyemwambia fundi wa studio huyu mama muweke nyuma katikati, basi ukikaa kwenye kiti ngoma zinalia mbele yako halafu yeye anaimba nyuma ya shingo yako kama anatoka jikoni na chai, wewe, nywele zinasimama! Alifariki binti yetu hajaanza hata kutembea, nikaifungia santuri kabatini, sikuwa na moyo. Mwaka huu nikasema basi, nimtoe, lakini ampilifaya ya zamani ikagoma kuwaka na spea zake hakuna tena, binti akaniletea spika ya kisasa, moja tu, nene kama ndoo, akasema, "Baba, leo na mimi nimsikie mama." Alitaka kuita fundi nikakataa, fundi gani na mimi nipo, nikachukua nyaya mbili za kicheza santuri, wa kushoto na wa kulia, nikazisokota kuwa moja nikachomeka, dakika tano kazi kwisha. Santuri ikalia safi, ngoma zipo, gitaa lipo, tarumbeta zipo, mama hayupo. Nikarudisha sindano mara nne, hayupo! Binti akaniangalia kwa huruma, akasema, "Baba, labda mama hakuimba kwenye hii. Umri nao." Umri, mimi! Nikamwambia aondoke na takataka yake, akaondoka analia, spika kaiacha, huu mwezi wa pili hapigi simu na mimi sipigi. Nifanyeje, maana kwa mwanangu sasa naonekana mwongo.

Mzee wa Mitambo

*

Pole sana, mzee wangu, na hapo hapo nakugombeza. Uongo hukusema, na spika haijammeza mtu. Aliyemnyamazisha mama ni wewe, kwa mikono yako.

Nimemuuliza fundi wa sauti. Kwenye santuri za namna hiyo, sauti ya nyuma katikati hurekodiwa kwa kupingana: upande wa kushoto ukisukuma, wa kulia unavuta. Pande hizo zikitengana, sauti unaisikia. Ukizisokota pamoja zinauana, kimya. Miaka ishirini na sita hukulijua hilo kwa sababu hukuwahi kumuuliza mtu.

Fungua huo msokoto. Spika moja haifai, hata hiyo ya binti, maana inachanganya pande zote mbili ndani yake. Tafuta mbili, kushoto na kulia, kila moja na waya wake. Mama atarudi, ila atasikika mbele. Ukimtaka nyuma, ampilifaya za sasa za kutazamia filamu nyumbani zina kitufe cha kuzungusha sauti chumbani. Haitakuwa kama zamani, lakini atasogea. Na fundi uliyemkataa, mwite.

Ila usithubutu kujaribu peke yako. Piga simu leo, sema, "Mwanangu, nilikosea waya," kisha usijitetee hata kidogo. Wewe uliishi na sauti hiyo ndani ya nyumba. Yeye haikumbuki kabisa. Mkalishe katikati ya spika, na sindano ikishuka usimweleze nani anapiga nini. Nyamaza, amsikie mama yake.