Kilo za Lumbesa

Jumamosi, 1 Machi

Kilo thelathini na sita. Nimempima mara mbili nikidhani gunia limelowa. Halijalowa. Ni mafuta.

Daktari wa mifugo amekuja Mkumbara kutoka Korogwe mjini. Binti mdogo, mkono mzito. Amembonyeza Lumbesa mgongoni akautafuta uti, hakuupata. Chatu wa urefu ule asizidi thelathini, amesema. Akiendelea kunenepa hivi, hafiki mwakani. Kisha akaniuliza namlisha kila baada ya muda gani. Nimesema wiki tatu.

Nimedanganya. Tangu mke wangu Zuhura afariki, namlisha kila nikikosa la kufanya. Mwalimu mstaafu hukosa la kufanya mara nyingi.

Masharti: asile chochote hadi baada ya Idi. Mazoezi kila siku. Kupimwa kila Jumamosi. Jina la Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, Zuhura alimpa nyoka huyu akiwa bado mwembamba kama kamba ya katani. Tulicheka sana siku ile.

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya pili ya Ramadhani. Nimemtoa bandani asubuhi, jua likiwa jepesi. Ametambaa kutoka bandani hadi kwenye rundo la matofali, akajikunja, akalala. Nimemchokoza mkia kwa fimbo. Akanitazama. Dakika kumi za mazoezi, tisa zangu.

Mama mkwe alikuwa barazani akimenya mbaazi, akitutazama. Hana hofu naye hata kidogo. Alikuja kutoka Misima kwa ajili ya msiba, arobaini ikapita, hajarudi. Sijamuuliza. Mkwe haulizwi. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, kila mtu anashika njia yake.

Nafuturu msikitini. Watu wanadhani ni heshima, kwamba sitaki kula karibu na mkwe. Waendelee kudhani hivyo.

Jumamosi, 8 Machi

Thelathini na sita. Haijapungua hata robo. Nimejiambia nyoka ni wa polepole, subira.

Leo nimemtia kwenye hodhi la maji. Hapo ndipo anapofanya kazi. Ameogelea robo saa, mwili mzima ukijinyonga. Nimefurahi kama mtoto.

Jumatano, 12 Machi

Kuku wamepungua. Mama alikuja na sita kutoka Misima, nimehesabu wanne. Kicheche huyo. Nimeziba matundu ya banda la kuku kwa bati, jasho linanitoka, kiu imenishika. Mama ametazama kazi yote.

Jumamosi, 15 Machi

Thelathini na saba na nusu!

Nimekasirika hadi nikahofia saumu yangu. Nyoka asiyekula anaongezekaje? Nimefundisha baiolojia miaka thelathini, hilo sijawahi kulifundisha. Nimefagia banda lake. Kwenye pembe, unyoya wa kahawia.

Kuku wamebaki watatu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemjua kicheche.

Nilitoka kwenda msikitini, nikarudi kuchukua kofia. Adhana ya magharibi ilikuwa inaanza. Mama mkwe alikuwa amechuchumaa mbele ya banda la Lumbesa, amemshika kuku miguu, kichwa chini. Kafungua kilango, kamwingiza. Anasema naye taratibu, kama anayembembeleza mtoto:

"Kula wewe. Yule mwenzio kakataa."

Sikuingia. Nilikwenda msikitini bila kofia.

Jumanne, 18 Machi

Hasira siku nzima. Anamuua nyoka wangu, na mimi siwezi kufungua mdomo. Mkwe huwezi kumkemea. Hata kumwambia tu "mama, acha" sina pa kuanzia. Kufuli nimenunua, nikairudisha dukani. Nikimfungia mama mkwe kilango, ni sawa na kumwambia afungashe.

Nimempigia shemeji yangu Athumani kule Misima, mdogo wake Zuhura. Nimemwomba aongee na mama yake. Mtoto anaweza kusema asichoweza mkwe.

Jumatano, 19 Machi

Athumani amepiga. Amecheka kwanza, kisha hakucheka.

"Mwalimu, mama anasema anapika futari kila siku na hakuna anayeila. Anauliza mkono wake una nini. Kuku alikuja nao kwa ajili yako. Kaona bora waliwe na nyoka, angalau yeye anapokea."

Nimemwambia mtandao unakatika.

Alhamisi, 20 Machi

Sikwenda msikitini kufuturu. Nimeswali nyumbani, nikakaa kwenye mkeka ukumbini. Mama ameniona, akaweka sinia karibu na mlango, akarudi jikoni na kuvuta pazia, kama inavyotakiwa.

Uji wa pilipili manga. Mihogo ya nazi. Kuku wa kahawia, mmoja wa wawili waliobaki.

Mchuzi ni wa Zuhura. Nilijua utakuwa hivyo, mama ndiye aliyemfundisha. Nilikuwa naukimbia mchuzi huu tangu msiba. Nimekula nikilia, nikajifuta kwa shuka, nikala tena. Nimemaliza sinia.

"Imetosha, mwalimu?" ameuliza kutoka jikoni.

Nimesema haijatosha. Ameongeza.

Jumamosi, 29 Machi

Thelathini na saba. Hakuna manyoya. Mazoezi dakika ishirini, na hodhi. Mama sasa ndiye anayechota maji ya hodhi. Anasema yangu ni machafu.

Jumamosi, 19 Aprili

Thelathini na tano na nusu, hata baada ya sungura wake wa Idi. Daktari amembonyeza, ameupata uti kwa mbali. Safari bado ndefu. Moyo unapiga vizuri.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, hakuna mazoezi. Mchana nilikaa ukumbini, mama yuko jikoni, pazia katikati. Nikamwambia, mama, usirudi Misima. Kaa hapa.

Akauliza leo apike wali au ugali.

Nimesema ugali.