Baridi ya Motokari Yangu

Jumatatu, 2 Julai 1956. Kasongo
Kutwa chini ya kamio, lori ya pamba. Springi zimekatika tena. Vumbi mpaka kwenye meno.
Barua ya shemeji Kalume imefika kutoka Kabambare. Bibi yangu Sauda iko muzima. Mutoto iko muzima, ananyonya sana. Lakini Sauda anasema arobaini itimie isitimie, yeye kamio ya kurudi hapa hapandi.
Haki yake. Mutoto wetu wa kwanza, Asha, alitufia ndani ya kamio karibu na Lusangi, saa saba ya jua. Tulikuwa tunatoka kwao vilevile. Injini ilizima. Mimi chini, nafungua bomba la mafuta, najisifu kwamba ufundi ninao. Nilipotoka, mutoto alikuwa ameisha. Sauda hakulia. Alinitazama tu.

Jumatano, 4 Julai
Patron, bwana wa garaji, ameniachia ile motokari ndogo ya zamani iliyolala huko nyuma. Injini nimeiamsha. Kwenye gazeti lake nimeona picha ya motokari ya Amerika, debe limetundikwa dirishani. Patron anasema ndani ya debe iko maji. Upepo wa njiani unapita kwenye maji, unaingia kwa watu ukiwa baridi.
Basi ni hiyo tu?
Nimekata debe la petroli. Mbele mudomo mupana wa kumeza upepo, ndani pamba iliyolowa, nyuma tundu la dirishani. Patron amecheka: "Fundi, unataka kuleta Ulaya hapa?" Nimecheka naye. Moyoni hapana.
Adhuhuri usingizi ulinipitia ndani ya motokari. Nikaota naendesha katika ukungu wa muto Lualaba, hakuna barabara, hakuna makelele, mutoto anacheka nyuma. Sikuona sura yake. Bado sijamuona hata siku moja.

Alhamisi, 5 Julai
Pamba inakauka upesi, hata kabla ya kufika mutoni. Chupa ya mawese niliyoweka kwenye kiti imebaki maji matupu. Kukiwa na baridi mawese yanaganda, hicho ndicho kipimo changu.
Wazo: mutungi. Maji ya mutungini yanapoa yenyewe, maana udongo unatoka jasho. Nikiufunga pamba na kuuweka ndani ya debe, utailowesha pole pole njia yote.
Mama ya Sauda ndiye mufinyanzi. Kabambare nzima wanajua mikono yake. Lakini ni mukwe wangu, hatusemezani, tukikutana njiani mumoja anaingia majanini. Nimetuma neno kwa Kalume: mutungi mudogo, muzuri sana.

Jumatatu, 9 Julai
Mutungi umefika na kamio. Ajabu ya uzuri! Mweusi, unang'aa, shingo nyembamba. Nimejaza maji, nimezunguka mpaka mutoni na kurudi. Pamba kavu. Mawese maji.
Mujinga ni mimi. Nilisema muzuri, naye akafanya muzuri. Ulipotoka motoni ameupaka maji ya magome, kama mutungi wa pombe, usivuje hata tone. Kwa mukwe utapeleka nini kingine?

Jumanne, 10 Julai
Leo arobaini. Kule wananyoa mutoto, mimi hapa natazama debe.
Nitaandikaje? Kumuomba mufinyanzi mutungi usiopakwa ni kumuambia kazi yake siitaki. Watu wameachana kwa madogo kuliko hayo. Nimechana barua tatu. Ya nne nimesema wazi: "Shemeji, umuambie mama kwa heshima zote. Nataka mutungi utoke jasho, ili mutoto asitoke."
Naogopa.

Ijumaa, 13 Julai
Umekuja. Mwekundu, haukupakwa kitu, umefungwa majani ya ndizi. Hakuna salamu.
Nimejaza. Baada ya saa moja ukaanza kulowa tumbo lote. Nimekwenda mutoni na kurudi, jua la utosini. Mawese yameganda mudomoni mwa chupa! Nimepiga makelele peke yangu kama mwenye wazimu. Halafu nikaendesha tena bila sababu, pole pole, upepo wa mutoni shingoni. Kama naota.

Jumapili, 15 Julai. Kabambare
Nimemuona. Musichana. Ana masikio yangu.
Sauda ametia mukono kwenye tundu, akautoa. Akasema hapana. "Maji yakiisha, nani anajaza? Motokari ikisimama, upepo unatoka wapi? Wewe utakuwa chini ya injini."
Nikakasirika. Nikasema maneno mabaya, nayajutia. Ameuliza kweli tupu.

Jumatatu, 16 Julai. Lusangi
Asubuhi Kalume alitundika kitambaa katikati ya motokari. Sikuelewa. Halafu mukwe akatoka, amejifunika kichwa, na kibuyu cha maji na ungo. Akapanda nyuma. Sauda akamufuata na mutoto.
Mukwe na mukwe ndani ya motokari moja, kitambaa tu katikati! Sikuthubutu kutazama pembeni. Nikasikia tu maji yanamwagika mutungini.
Karibu na Lusangi, tairi ikapasuka. Jua lilelile. Nikaingia chini, spana inaanguka. Nikasikia juu yangu: pu, pu, pu. Mukwe amesimama nje anapepea ungo mbele ya mudomo wa debe. Alipepea muda wote bila kupumzika.
Nikaangusha spana tena. Ndipo aliposema nami, mara ya kwanza tangu nioe:
"Baba, fanya kazi yako. Mutoto niko naye."
Nikalia humo chini, hakuna aliyeniona.

Jumanne, 17 Julai. Kasongo
Tulifika jana jioni. Mukwe amelala kwa jirani, kama desturi. Tumerudi kutosemezana.
Asubuhi kuna ukungu. Sauda ameniita ndani. Mutoto ananyonya, miguu yake iko baridi, Sauda anataka shuka ya kumufunika.
Nimepeleka.